Trijntje Huizing, Aliyesimama Mbele ya Kijiji Kusema Hakujua Kusoma

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali kuja ukumbini kwetu Wildermond leo Jumamosi, tarehe 18 Januari 2025: familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu. Mimi ni Grietje Drenth, binti wa Hinderk, aliyekuwa mdogo wake. Nitasoma polepole. Yeye hakumpenda msomaji wa haraka. Alikuwa akisema mtu wa namna hiyo anataka kumaliza tu, hana haja ya kueleweka.

Marehemu Trijntje Huizing, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Drenth, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 ndani ya tishali la baba yake, lililokuwa limefungwa hapa hapa kwenye mfereji wetu likipakia kadibodi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Jan Drenth na mkewe Geesje. Baba yangu alimfuata mwaka 1951, tishali likiwa Zwolle, na baada yake hakuzaliwa mwingine. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya usukani: kitanda cha kabatini, jiko la makaa, na kamba ambayo Bibi Geesje aliwafunga watoto kiunoni ili wasitumbukie majini. Walibeba majani makavu ya ngano kuyapeleka viwandani, ambako yaligeuzwa kadibodi, na kurudi na kadibodi hiyo. Shangazi alisema aliijua dunia kwa harufu kabla ya kuijua kwa majina, na kwamba Wildermond ilinuka kuliko kote, ndiyo maana hakupata shida kuikumbuka.

Kuhusu elimu yake, siwezi kuwatajia shule moja. Alisoma katika kila mji ambao tishali lilisimama, siku mbili hapa, wiki moja pale, kisha mizigo ikishuka wanaondoka. Yeye na baba yangu walikuwa wakiingia darasani wamevaa viatu vya mbao vyenye tope la gatini, na walimu hawakuwa na la kufanya nao. Waliwakalisha nyuma. Mwalimu mmoja, ambaye jina lake Shangazi hakulikumbuka, alimpa sanduku la penseli za darasa zima azichonge, maana alionekana ana mikono ya kazi. Mji uliofuata, mwalimu mwingine alipomuuliza anajua nini, alijibu anajua kuchonga penseli, basi akapewa sanduku jingine.

"Nimechonga penseli za Uholanzi yote ya kaskazini," alikuwa akitusimulia kwenye sikukuu za kuzaliwa, tukiwa tumekaa duara na vikombe vyetu vya kahawa, "na sijaandika na hata moja."

Tulicheka kila mara. Alitaka tucheke. Akiwa na miaka kumi na miwili shule iliisha, kwa sababu babu alihitaji mtu wa kushika kamba, na hakuna aliyekuja kuuliza yule binti wa tishali amekwenda wapi.

Mwaka 1965 babu aliuza tishali, wakahamia nchi kavu. Marehemu akaajiriwa katika kiwanda cha maboksi, kwenye meza ya gundi, na akafanya kazi hapo miaka ishirini na miwili hadi kilipofungwa. Baadaye alikuwa msafishaji katika ofisi na zahanati. Alikuwa hodari, na hakuna aliyemshuku. Maboksi aliyatambua kwa rangi na umbo la maandishi. Dawa za kusafishia alizitambua kwa kunusa, jambo ambalo lilimwachia kikohozi maisha yake yote. Akipewa karatasi ya kusoma, miwani ilikuwa imesahaulika nyumbani. Wenzake walimwita Trijntje wa Miwani. Hakuwa na miwani. Hakuihitaji hadi alipofika miaka hamsini.

Tarehe 9 Mei 1970 alifunga ndoa na Roelf Huizing, fundi baiskeli wa karibu na daraja, mtu mpole ambaye wengi wenu aliwazibia matairi. Walijaliwa mtoto mmoja, binamu yangu Marga, mwaka 1972. Kila jioni Roelf alisoma gazeti kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, huku mkewe akimenya viazi. Wageni walimtania kwamba anaipenda sauti yake. Yeye alikubali tu kwamba ndiyo, anaipenda.

Sasa nifike kwa baba yangu, kwa sababu maisha ya shangazi hayasimuliki bila yeye.

Hinderk alikuwa kama dada yake, aliketi nyuma katika madarasa yale yale. Alifanya kazi katika kiwanda cha wanga wa viazi ambacho leo hakipo tena. Katika vuli ya mwaka 1987 lilianzishwa darasa la jioni la watu wazima katika ukumbi huu tuliomo. Baba alikwenda kwa dada yake akamkuta anaanika nguo. Mazungumzo yao Shangazi aliyarudia kwetu mara nyingi mno, neno kwa neno, kama mtu anayegusa jino bovu.

"Dada, twende," baba alisema. "Tukae tena nyuma, mimi na wewe. Safari hii labda tutapewa kazi tofauti."

"Una wazimu? Watu wataziona baiskeli zetu mlangoni."

"Tutaziegesha kanisani."

"Halafu watasema tumeokoka. Nenda wewe, Hinderk. Mimi nina kazi zangu."

"Peke yangu siendi."

"Basi usiende."

Hakwenda.

Tarehe 21 Septemba 1988, msimu wa viazi ukiwa umepamba moto, baba alitumwa kuangalia pampu kwenye shimo la maji machafu ya kiwanda. Miaka yote mfuniko wa shimo lile ulizungushiwa mnyororo mwekundu, na kila mtu alijua mnyororo ukiwepo huteremki. Wiki ile mnyororo ulitolewa kwenda kutengenezwa. Mahali pake walibandika tangazo. Baba aliona mnyororo haupo, akaufungua mfuniko, akateremka. Waliompata walisema hakuteseka muda mrefu. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwezi Novemba kulikuwa na kikao cha uchunguzi. Mkaguzi alieleza kwamba tangazo lilikuwepo, limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa Kiholanzi cha kawaida, na kwamba marehemu alilipuuza. Shangazi alikuwa amekaa karibu na mama yangu, Aaltje. Alianza kuinuka. Mama alimshika mkono wa koti akamvuta chini, na walipotoka nje kupumzika alimsogeza hadi ukutani.

"Wifi, unataka kufanya nini?"

"Kusema kweli. Hinderk hakujua kusoma, Aaltje. Hakupuuza kitu."

"Ukifungua mdomo wako mle ndani, usikanyage tena mlangoni kwangu. Hao wanaotuangalia wanataka kusikia hilo tu, kwamba tulikuwa mbumbumbu. Mwache mume wangu alale na heshima yake."

Shangazi alirudi ndani akanyamaza. Taarifa ikaandikwa, na neno lililoandikwa ni hilo: alipuuza. Nilikua nalo. Shuleni walinitania kwamba baba yangu aliona onyo akalifanyia mzaha.

Januari 1989 marehemu alimketisha Roelf jikoni, wakiwa na supu ya njegere mezani.

"Roelf, kuna jambo nimekuficha tangu tuoane."

"Kama ni lile la kusoma," Roelf alisema, "nalijua tangu mwezi wetu wa kwanza. Kunywa supu, inapoa."

Alilia mpaka Marga akashuka ghorofani kuuliza kuna msiba gani tena. Jioni ile ile Roelf alimsindikiza kwa baiskeli hadi hapa, na baiskeli zote mbili akaziegesha mbele ya mlango, penye taa.

Mwalimu wake alikuwa Bi. Fenna Toxopeus, ambaye tulimzika miaka sita iliyopita. Shangazi alianza akiwa na miaka arobaini. Haikuwa raha, na hakupenda watu waipambe. Alitapika kabla ya masomo. Alirarua karatasi. Mara moja aliondoka katikati ya somo akaapa hatarudi, kwa sababu neno alilokuwa akihangaika nalo tangu saa moja lilikuwa "mama". Lakini alirudi. Ilipofika majira ya kuchipua mwaka 1990 aliendesha baiskeli hadi kiwandani akamwomba mlinzi amruhusu aone ule mfuniko. Mnyororo ulikuwa umerudishwa siku nyingi, lakini hakuna aliyejisumbua kubandua tangazo. Alipiga magoti akalisoma, akifuatisha kwa kidole. Usiingie. Kuna gesi.

"Maneno matatu tu, Roelf," alisema aliporudi. "Ndugu yangu amekufa kwa maneno matatu. Herufi zote zile nilizijua kabla ya Krismasi. Angezijua na yeye."

Roelf alituambia baadaye kwamba baada ya siku hiyo hakumwona tena mkewe akilala usiku mzima.

Tarehe 10 Aprili 1991 kulikuwa na mkutano wa kijiji humu ukumbini kuhusu taa za barabarani. Mwishoni mwenyekiti akauliza, kama kawaida, kama kuna mwenye lingine. Shangazi akasimama. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimekaa na mama safu ya tatu.

"Mimi ni Trijntje Huizing," alisema, ingawa kila mtu alimjua. "Nimejifunza kusoma juzi juzi hapa, nikiwa mtu mzima. Kabla ya hapo sikujua. Hinderk naye hakujua. Hakupuuza tangazo, hakuweza kulisoma. Nilijua hivyo siku ya kikao nikakaa kimya, na alipotaka kuja kujifunza ni mimi niliyemkatalia. Humu ndani mmo wengine. Nawajua kwa sababu mnasahau miwani kama nilivyosahau yangu. Njooni Jumanne. Naomba mje."

Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kaa chini, Trijntje, kahawa inapoa," na watu wakacheka kwa kufarijika, kama ambavyo tunacheka huku kwetu mtu anapotuonyesha moyo wake.

Mama yangu hakucheka. Alisimama, uso umemwiva, akanishika mkono. Alipompita wifi yake alisema neno ambalo ukumbi wote ulilisikia.

"Umemuua mara ya pili."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana kwa miaka kumi na miwili. Tuliishi upande huu wa mfereji, wao upande ule. Tulionana madirishani kila siku. Akija Shangazi dukani, mama alitoka hata kama hajanunua mkate.

Na kazi aliyoianza siku ile, nataka niwaambie ilivyokuwa, kwa sababu gazetini waliandika juzi kwamba alikuwa mwanamke aliyebadilisha maisha ya wengi. Marehemu angekasirika. Alikuwa akisema wengi walibaki vilevile.

Alibisha hodi mlango kwa mlango. Mnajua kijiji hiki hatufungi mapazia, mtu akipita anaona tunakula nini. Alipopita yeye mapazia yalifungwa. Alikwenda kwenye kantini ya mpira wa miguu akaambiwa watu wamekuja kuburudika. Alisimama kwenye mageti ya viwanda zamu zikibadilishana, na wanaume wakamwuliza kama Roelf anajua mke wake anazurura wapi. Aliwaomba mameneja wachore picha kwenye matangazo yao ya hatari badala ya kuandika tu. "Nimekunywa kahawa kwenye ofisi za mkoa mzima," alisema. "Kahawa nzuri, na biskuti juu yake. Picha hakuna." Daktari mmoja alimwambia kwamba wagonjwa wake wote wanasoma, maana hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Shangazi alitoka mle akaketi kwenye ngazi, akashindwa kupanda baiskeli.

Wachache walikuja. Baadhi yao waliingia kwa mlango wa jikoni wa ukumbi. Yuko baba mmoja aliyekuja mara nne, akaanza kuandika jina la mjukuu wake, halafu msimamizi wake kazini akamwona akiingia. Hakuja ya tano. Shangazi alimfuata nyumbani, mke akasema hayupo, na buti zake ziko palepale mlangoni. Jambo hilo alilizungumza miaka na miaka. Hakulizungumza kwa hasira. Alikuwa akiuliza tu, angeweza kusema nini ambacho hakukisema?

Mwaka 2003, mwezi Novemba, mvua ikinyesha, mama yangu alivuka daraja. Alizunguka nyuma ya nyumba ya Shangazi akagonga dirisha la jikoni. Mama yupo hapa, na haya nayasoma kwa ruhusa yake. Marehemu alifungua mlango.

"Wifi," mama alisema. "Na mimi."

"Na wewe nini?"

"Usinitese, Trijntje. Na mimi sijui kusoma. Sijawahi kujua."

Shangazi alimvuta ndani.

"Siku ile ya kikao," mama akaendelea, "ungesema Hinderk hajui, wangegeuka waniulize mimi, basi nyumbani kwako nani anayesoma? Ningejibu nini? Kwamba anasoma mtoto?"

"Aaltje. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulimwambia nani?"

Ilikuwa kweli nyumbani kwetu nilisoma mimi tangu nina miaka saba, nikidhani ndivyo nyumba zote zilivyo. Shangazi alimvua mama koti lililolowa akalitundika juu ya jiko. Hawakukumbatiana, kwetu watu hawakumbatiani ovyo. Mama alikaa mezani, naye Shangazi akatoa herufi za mbao alizokuwa akifundishia. Mama alikuwa na miaka hamsini. Alikuwa mwanafunzi mgumu, mzito na mkaidi, na Shangazi alisema kwa kumfundisha yeye amelipa dhambi zake zote. Ila alisoma.

Roelf alifariki mwaka 2009, ghafla, akiwa karakanani. Marehemu alibaki na nyumba iliyo kimya jioni. Alijisomea gazeti mwenyewe, kwa sauti.

Tarehe 12 Novemba 2013 baraza la manispaa yetu lilijadili kulifunga darasa. Sababu zilikuwa za kawaida, wanafunzi wachache na jengo ghali kulipasha joto. Wanaohitaji wangeweza kwenda mjini, na kujiandikisha kwa mtandao. Marehemu aliomba kuzungumza kama raia, akapewa dakika tano.

"Mnasema wajiandikishe kwa mtandao," aliwaambia. "Watajiandikishaje? Nielezeni. Mtu hajui kusoma, mnampa maandishi ya kumwelekeza mahali pa kujifunza kusoma. Mimi mwenyewe ilinichukua mwaka mzima na kaburi la ndugu yangu kuvuka mlango ulio mtaani kwangu. Mkiupeleka mlango mjini, hakuna atakayeuvuka. Nawasihi. Sijawahi kuwaomba kitu kingine. Niacheni na chumba kisicho na joto, tutavaa makoti."

"Bibi Huizing, muda wako umekwisha," mwenyekiti alisema, kwa adabu.

"Najua. Nawasihi tu."

Walipiga kura. Darasa lilifungwa Januari iliyofuata, na halijafunguliwa mpaka leo.

Alihamishia herufi jikoni kwake. Walikuja watatu, wakawa wawili, baadaye akabaki mama, ambaye tayari alijua. Miaka hiyo hiyo aliendelea kuomba lile neno "alipuuza" katika taarifa ya baba yangu libadilishwe. Aliandika, akaenda mwenyewe, akaandika tena. Kiwanda hakipo, wakamwambia, wakaguzi wamestaafu, jalada limefungwa. Safari ya mwisho nilimpeleka mimi kwa gari. Kijana wa mapokezi wa ofisi ya ukaguzi alikuwa mkarimu, akamletea maji. Tukirudi, Shangazi alitazama nje mashamba ya viazi mpaka tunafika.

"Nimechelewa tena, Grietje," alisema.

Tarehe 4 Machi 2019 alipata kiharusi. Mguu ulirudi, na usemi ukarudi nusu. Kusoma hakukurudi. Mtaalamu wa matamshi alimwonyesha herufi moja, kubwa kama kiganja, naye akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Marga, na Marga anasema uso ule hatausahau. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekalishwa nyuma darasani.

Mama alikwenda kwake kila Jumanne, na mara nyingi siku nyingine pia. Alibeba herufi zile zile na njia ile ile aliyofundishwa: sauti kwanza, jina baadaye, usikimbie. Mwaka mzima. Shangazi aliweza herufi tatu, kisha mbili, kisha akarusha kikombe ukutani. Alimwambia mama kwa maneno yake yaliyokatika-katika jambo ambalo hatukutegemea kulisikia kutoka kwake.

"Usi... usiwaambie watu."

"Sitamwambia mtu," mama alisema.

"Aibu, Aaltje."

"Najua."

Mama hakumwambia mtu. Mlipomtembelea na kumkuta na gazeti mapajani, hakuwa akisoma. Mlipomletea kadi, alizishika na kutabasamu, na mama alimsomea mkishaondoka. Kwa miaka sita karibu alifanya tena yale yote aliyoyafanya kwa miaka arobaini, na safari hii alikuwa na miwani kweli. Marga na mama wameamua lisemwe leo. Tulibishana sana. Marga alisema mama yake alipoteza maisha ya ndugu na mapenzi ya wifi kwa ajili ya siri moja, haiwezekani tumzike na nyingine.

Septemba mwaka jana alihamia nyumba ya kutunzia wazee, Winschoten. Kiharusi cha pili kilimpata siku mbili baada ya Mwaka Mpya, na madaktari wakasema hakuna la kufanya zaidi ya kumkalia karibu. Tulimkalia kwa zamu. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Januari, ilikuwa zamu ya mama. Mimi nilikuwa dirishani. Mama alikuwa akimsomea gazeti la Jumamosi, habari ya daraja la Veendam kufungwa kwa matengenezo, kidole chake kikitembea chini ya maneno. Pumzi ya Shangazi ilivutwa mara moja, kwa nguvu, na nyingine haikufuata. Nikasema, "Mama." Nikasema tena. Hakuinua kichwa. Aliendelea kusoma, neno kwa neno, juu ya daraja na njia ya kuzunguka na siku ambayo kazi ingekwisha, hadi mwisho wa aya. Mama akiinua macho hupoteza mstari, na akiupoteza haupati tena. Alipomaliza alikunja gazeti ndipo akamtazama wifi yake. Marehemu alikuwa na miaka sabini na sita.

Kabla sijafunga, ombi moja la familia. Ratiba hii mliyoishika tumeichapa kwa herufi kubwa. Ikiwa aliye karibu nawe ameikunja mapema, au anasema macho yanamsumbua, msomee. Usimwulize kitu. Msomee tu.

Marehemu ameacha binti yake Marga na mkwewe Bert, wajukuu wawili, Lotte na Jesse, wifi yake Aaltje, na mimi. Ameacha pia watu kumi na mmoja aliowafundisha ambao wako hai. Tulitaka kuyaandika majina yao hapa pamoja na yetu, tukawapigia simu mmoja mmoja. Wote walilia. Watatu waliahidi kuja kubeba jeneza, na wamekuja. Lakini kwenye karatasi, wote kumi na mmoja wametuomba majina yao yasiandikwe.

Tumwache sasa apumzike, na amani ambayo hakuipata kwetu aikute huko aendako.